Uyoga wa Kichuguu cha Baba

Ludara, Jumanne, Septemba 1987

Nilisema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Wiki nzima nimekuwa nikikitazama kichuguu cha marehemu baba, pale ukingoni mwa shamba la mtama. Juzi udongo ulipasuka. Jana vilichomoza vichwa vidogo vya kijivu, nikajua leo vitafunguka, vyeupe na vipana kama viganja. Ni uyoga wetu wa kwanza tangu turudi kutoka ukimbizini Zaire.

Asubuhi nilimkuta mke wa baba mkubwa ameshajaza kikapu. Badala ya kumzuia, nilipiga magoti nikamsalimu.

“Huyu mtoto iko kimya sana,” aliwaambia binti zake, wakacheka. “Shule ilikula ulimi yako? Chukua hii, pelekea mama.”

Nikapokea kwa mikono miwili, mbele yao wote.

Mama hakunigombeza. Aliutazama uyoga, akaketi chini. Huku kwetu anayechuma kichuguuni ndiye mwenye ardhi, na anayepewa ni mgeni. Nilijua hivyo tangu utotoni, lakini pale mbele yao…

“Watasema ulipokea,” alisema. “Na shamba itaenda. Mimi nitasema nini?”

Jioni tuliupika kwa mbegu za simsim zilizosagwa, maana hapakuwa na mboga nyingine. Ulikuwa mtamu. Mama hakuugusa.

Kabla ya giza nilikwenda tena kutazama. Upande wa chini vichwa vingine vinachomoza. Kesho vitafunguka, na Mama anataka niwahi kuvichuma. Nimeitikia ndiyo. Najijua, wakiwa pale nitapiga magoti tena.