Maboksi Manne ya Betri za Zahanati

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Zulfa Idrisa Nambunga
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha tatu
Makazi: Kijiji cha Namkulya, Wilaya ya Mtwara

Leo tarehe 6 Oktoba 2025, saa 8:40 mchana, mama yangu akiwa amekaa pembeni yangu, naahidi kusema yote, hata yanayonihusu mimi. Hii ni mara ya tatu nafika kituoni kwa jambo hili. Mara mbili tuliambiwa turudi.

Mnamo tarehe 12 Septemba 2025, siku ya Ijumaa, saa sita na robo mchana, gari la mzabuni lilileta vifaa vya sola kwenye zahanati ya kijiji. Nilikuwa nimempelekea chakula baba mdogo, Hamisi, ambaye ni mlinzi pale. Paneli zilihesabiwa. Betri zilikuwa ndani ya maboksi manne yaliyofungwa. Mtu wa mzabuni alisema, "Mkibandua hiyo gundi, waranti imekufa. Atafungua fundi."

Mzee Abdulkarimu, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, alikuwa ameshatawadha. Aliniita. "Mjukuu wangu, una mwandiko mzuri. Tujazie fomu, hutuba hiyo inatupita. Andika: betri nne, zimekaguliwa, ni nzima."

Nikasema, "Babu, mbona hatujaziona?"

"Toka lini umekuwa fundi umeme?"

Wajumbe wakacheka. Niliandika. Wakatia saini, wakaenda msikitini.

Baba mdogo aliyaingiza maboksi stoo. Alibeba mawili kwa mpigo, moja kila bega, akanitania, "Zulfa, umeme wa jua mwepesi kama maganda ya korosho!" Nilicheka. Kisha akaweka dole gumba kwenye fomu, mahali pa mtunza stoo, kwa sababu hajui kusoma.

Tarehe 1 Oktoba, saa nne asubuhi, fundi Kelvin alifungua maboksi mbele yetu. Ndani mlikuwa na sponji na vipande vya mbao. Alisema betri moja ya aina ile hubebwa na watu wawili. Hata hivyo baba mdogo alikamatwa siku hiyohiyo, kwa kuwa fomu inasema betri zilifika nzima, na stoo ilikuwa mikononi mwake.

Tarehe 3, baada ya magharibi, Mzee Abdulkarimu alikuja nyumbani. Alimwambia mama, "Mtoto asiongeze neno. Fomu ni ya kamati." Chai hakuinywa.

Mwandiko ule ni wangu. Sikuona betri hata moja, na kamati nzima haikuona. Kama kuandika vile ni kosa, naomba liandikwe kwa jina langu.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimebaki na swali, na naomba jibu kwa barua kupitia shuleni: afande, kati ya wote walioweka alama kwenye ile fomu, kwa nini aliyefungiwa ni yule mmoja asiyejua kuisoma?

Sahihi ya shahidi: Zulfa I. Nambunga

Yameandikwa nami, Koplo Elizabeti, na kumalizika saa 9:55 alasiri. Shahidi ameyasoma mwenyewe na kuyathibitisha. Swali lake nimeliacha kama alivyolisema.