Shukrani Iliyoutangulia Moyo

Kwako Cucu, nyanya yangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi huishiwa na maneno, nawe humaliza yote kwa "tuko sawa, soma sana." Tangu uhamie Nanyuki kwa shangazi, ili usishinde peke yako mchana, asubuhi zangu hapa Giakanja zina dakika za ziada. Zamani dakika hizo zilikuwa za kushika mkono wako kabla sijaenda shule.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nimesoma sura ya moyo katika kitabu cha biolojia, nikakuomba mkono nihakikishe. Mapigo yako hayakufanana na ya kitabuni. Mawili ya haraka, kimya, moja dhaifu, kisha mengi kwa pamoja. Ulikuwa umeishi hivyo kwa miaka, ukiketi njiani kila ukitoka shambani na viazi, ukisema ni uzee. Baadaye daktari alieleza kwamba vyumba vya juu vya moyo wako vilikuwa vinatetemeka badala ya kusukuma damu. Wakakupasua Nairobi. Walitengeneza vali inayozuia damu kurudi nyuma, wakaacha makovu madogo ndani ya moyo ili kuzuia umeme uliokuwa ukizurura humo.

Uliporudi nilishika mkono wako nikashangaa jinsi mapigo yalivyopangika.

"Wajina, hata wewe unasikia imetulia?" uliniuliza. Uliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina lako.

Daktari alikuwa ametuonya kwamba miezi ya kwanza moyo unaweza kuyumba tena kabla makovu hayajakomaa, na kwamba hiyo haimaanishi upasuaji umeshindwa. Nadhani hukungoja amalize. Mara tu ulipoweza kusimama vizuri, akina mama wa kikundi chako walikusindikiza kwa wimbo hadi mbele ya kanisa. Ukatoa ushuhuda kwamba umepona kabisa. Ukachinja mbuzi wa shukrani.

Haukupita muda nikakuta mkononi mwako ule mchafuko wa zamani. Ukauvuta mkono.

"Usiambie mama yako."

"Cucu, lazima twende kliniki."

"Na kanisa nitaambia nini? Ati Mungu amebadilisha maneno? Na mbuzi walishamla!"

Nilicheka. Wewe hukucheka. Hapo nikaelewa kwamba moyo haukukutisha hata kidogo. Uliogopa kuonekana ulidanganya madhabahuni. Dawa ya kuzuia damu kuganda ulikuwa ukiimeza bila kukosa, lakini kadiri moyo ulivyoachwa hivyo, ndivyo ungezidi kuwa mgumu kurudishwa kwenye mpangilio.

Nilimwambia mama jioni hiyo. Hukunisemesha njia yote hadi Nyeri. Kliniki wakakulaza usingizi mfupi, wakakupa mshtuko mmoja wa umeme kifuani, na mapigo yakajipanga.

"Daktari, hii iko na garantii?" uliuliza ukifunga kitambaa chako.

"Haina, mama. Ikichafuka tena, unarudi."

Ulikaza fundo la kitambaa. Kisha ukanigeukia, mara ya kwanza siku hiyo. "Basi nitawaambia bado naponywa."

Na ulisema hivyo hivyo Jumapili, sentensi moja, ukaketi. Mama mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Hata sisi!" na kanisa zima likacheka. Hakuna aliyeulizia mbuzi.

Sikuwahi kukwambia kwamba siku ile njiani, uliponinyamazia, nilikuwa nikiutazama mkono wako uliolala juu ya kibeti, nikitamani kuushika. Sikuthubutu. Siyo jambo kubwa. Nimeliandika kwa sababu huku hakuna wa kumwambia.

Shangazi anasema uko sawa. Najua "sawa" ndilo jibu unalompa kila mtu, hata daktari. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, mpe shangazi mkono wako, atulie ahesabu mapigo, anipigie. Yakiwa yamepangika, nitafurahi. Yakiwa yamechafuka, hakuna atakayesema ulidanganya. Mimi sihitaji ushuhuda, Cucu. Nataka tu kujua moyo wako unapigaje leo.

Baki salama,
Mjukuu na wajina wako