Stetoskopu Zote za Duka Lile ni Mbovu

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Jumapili asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko baridini? Kile kikohozi kimekwisha? Natumai unakula chakula cha maana, si ule mkate mkavu uliotutumia picha yake ukijidai umepika. Sisi huku wazima, isipokuwa Mama, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu nikitamka tu kwamba Mama anahema, unanikatiza: "Mwache, ni umri." Haya, karatasi hii ikatize basi.

Hali yenyewe ni hii. Anashona mshono mmoja, anaachia kanyagio la cherehani, anashika kifua, halafu anajifanya anatafuta uzi. Uzi wenyewe uko mapajani mwake. Mjomba Profesa, yule mjuzi wa kila kitu ambaye hakumaliza hata shule moja, keshatoa hukumu: eti unene. Mama huyuhuyu anayepunguza magauni yake kila mwezi! Khaa! Sijui yule mzee macho anayaweka wapi.

Sasa nije kwenye stetoskopu. Asante sana kwa kunitumia pesa ya kuinunua, maana chuoni kwetu wauguzi hatuingii wodini mpaka kila mtu awe na yake. Wenzangu walinunua mapema, na tangu siku hiyo hawazivui. Wanaenda nazo kantini, wanakunywa nazo chai, wanapigia nazo picha chooni kwenye kioo. Kuna mmoja tunamwita Daktari Bingwa, yake inameta rangi ya dhahabu. Juzi tulipopimana presha alivaa vya masikioni kinyumenyume, akainamisha kichwa, akasikiliza weee, kisha akatangaza namba. Kaitoa wapi? Hewani! Na mtu kama huyo ndiye atakayekaa na wagonjwa.

Nikaapa kwamba mimi sitachagua kwa rangi, nitachagua kwa sikio. Mama naye akasema zawadi ya mwanawe hainunuliwi bila yeye kuwepo, basi tukaenda wote. Njiani alisimama mara mbili kutazama dirisha la duka la mabomba. Mabomba, Kaka! Tangu lini Mama akapenda mabomba? Nilijua anavuta pumzi, nikajifanya nami nayatazama.

Muuzaji wa vifaa tiba ni kijana wa tai na maneno mengi. Akazipanga stetoskopu juu ya kabati la kioo, akaanza kuimba sifa: hii wanaipenda mabingwa, hii inasikia hata mawazo ya mtu. Nikamwambia apunguze porojo. Nikamkalisha Mama kwenye stuli, nikamwekea kisahani kifuani.

Moyo mzima hugonga du-dup, du-dup. Ile ikanipa du-shshsh, du-shshsh, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Nikaivua, nikamwambia muuzaji mpira unavuja. Akanipa ya pili, mlio uleule. Ya tatu, uleule. Hapo nikapanda juu. Nikamuuliza haoni haya kuwauzia wauguzi midoli, nikamwambia duka zima ni takataka na hiyo tai yake ikiwemo. Wateja waligeuka kututazama. Mama alikuwa anatabasamu, unajua anavyopenda nikigomba nikiwa na haki.

Yule kijana alichukua ile ya kwanza, akafungua kifungo cha shati, akajiwekea kisahani kifuani mwake, mimi akanipa vya masikioni nisikilize. Du-dup, du-dup. Safi kabisa. Nikajisikiliza na mimi. Safi.

Mama akauliza, "Unasikia nini, mwanangu?"

Kaka, mimi huyu ambaye mnasema mdomo wangu hauna likizo, nilishindwa kuutamka ukweli. Nikamrudishia kijana chombo chake. Nikasema, "Hamna kitu Mama, mbovu zote. Twende zetu."

Kesho yake nikamfuata mkufunzi wetu, yule tunayemwita Bi Kanuni, ambaye hukaripia mtu mpaka kwa kucha zake. Nilitarajia anidharau: mwaka wa kwanza, umejua nini wewe? Hakunidharau. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mlete apimwe. Usingoje." Bora angenikaripia.

Jioni nikamwambia Mama twende hospitali. Akacheka. "Nikapimwe moyo kwa sababu ya vyombo vibovu? Si wewe mwenyewe uliyesema?" Nikamwambia vyombo ni vizima. Akasema basi nilimtukana kijana wa watu bure, au sasa namtisha yeye ili aache kushona. Nimembembeleza, nimelia, wapi! Uongo nilioutoa kwa hofu ndio anaoushikilia. Neno lake la mwisho ni hili: "Kaka yako akisema niende, nitaenda."

Basi sema. Usimuulize hali, maana atakudanganya, na wewe unapenda kudanganywa ukalala usingizi mzuri. Utanisamehe, lakini ndivyo ulivyo. Mpigie leo ukishasoma hii, mwambie avae nguo ya kutokea, mimi nitamshika mkono mpaka mlangoni kwa daktari. Naogopa, Kaka. Naogopa sana.

Msalimie wifi na uwabusu wale mapacha. Mjomba Profesa naye anakusalimu, eti umletee viatu. Usimletee. Mwenyezi Mungu akulinde kazini na njiani, na alitie neno lako nguvu kwenye sikio la Mama.

Mama mwenyewe anakusalimu sana. Namsikia hapo nje anamsimulia jirani jinsi bintiye, mwaka wa kwanza tu, alivyogundua kwamba stetoskopu za duka zima ni mbovu. Anakatiza maneno katikati, anavuta pumzi, anaendelea. Sijawahi kumsikia akijivunia hivi.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Kidomodomo