Saa Tatu za Papa Amisi

Kindu, Jumanne jioni

Nimeshinda! Papa Amisi, mufanyabiashara wa Kampene, aliniletea saa tatu za bei kali nimusaidie kuchagua. Wauzaji walimuapia kwamba zote zinabadilisha tarehe zenyewe, hata mwaka ambao Februari inafika ishirini na tisa.

"Lakini fundi mwanamuke atajua nini?" akacheka.

Niliziweka zote Februari ishirini na nane ya mwaka kama huo, nikazungusha mishale polepole. Niliogopa kuharibu. Mbili ziliruka mpaka Machi. Ya tatu, ile nyembamba aliyoidharau, ikaonyesha ishirini na tisa.

Akasema, "Mama fundi, njo hii," akaivaa.

Wakati wa vita, tukiwa tumejifungia ndani, baba alinifundisha kazi hii. Laiti angeniona leo!