Ni Hapo Tu

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu za Kibondo. Mbuzi wako amezaa, lakini mahindi yamekauka kabla ya kubeba, na babu yako bado anakohoa. Unasema huko Arusha mnapanda milima kwa kujifurahisha, na kwamba njiani mara unacheka, mara unataka kulia bila sababu. Unauliza kama nami yalinipata.

Miaka ya sabini, nikiwa msichana, nilitembea na mama hadi Kasulu, maana baba alikuwa amelazwa huko. Mama alijitwika kikapu chenye kibuyu cha asali, kwa kuwa baba aliipenda. Maumivu ya miguu siyasemi. Kila tuliyemuuliza kama Kasulu ni mbali alijibu kwa desturi yetu sisi Waha: "Ni hapo tu, nyuma ya kilima." Nyuma yake kulikuwa na kilima kingine. Nilipanda nikiwachukia watu wale, nikateremka nikiimba.

Karibu na mji tukamwona shangazi yangu, dada wa baba, akitujia. Mama akamwita, "Wifi, bado ni mbali?"

Shangazi hakusema kuwa ni hapo tu. Alimtua mama kikapu, akajitwika yeye. Mama akaketi palepale barabarani, asiulize tena. Asali ile ililiwa matangani.

Basi ukiuliza njia, mtu akakudanganya kuwa ni hapo tu, usimkasirikie. Huko uendako bado unangojwa.

Ni mimi bibi yako, ninayekungoja.