Foleni ya Ng'ambo

Mbinga,
12 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Benadetha,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Augustino. Presha yake imetulia? Huku sisi hatujambo. Mama mwili uko vizuri, anakula, anatoka mwenyewe kibarazani kuota jua, ila kumbukumbu inazidi kumtoka. Mwanangu Jastini bado yuko Dar es Salaam, anatengeneza simu. Krismasi alikuja, amenenepa.

Mvua zimekuwa nzuri. Kahawa ya msimu uliopita ilipata bei ambayo marehemu mume wangu hakuwahi kuiota. Nimeezeka nyumba upya, bati jekundu. Ungepita hapa usingejua ni kwangu. Na barabara, Bena! Siku hizi ukishuka Mbamba Bay asubuhi, mchana unakula hapa Mbinga huna vumbi hata kwenye nyusi. Wewe uliondoka kwetu Mbaha tukiwa bado tunabeba kila kitu kichwani.

Sasa nikuulize jambo. Hamidu, yule mfanyabiashara wa Mbamba Bay anayevusha bidhaa kwa boti, ametueleza hali ya huko Malawi. Anasema magari yanakaa kituoni siku mbili yakingoja petroli, hela yenu haishikiki, na kwenye hiyo zahanati unakojitolea tangu ustaafu unesi, wajawazito wanaambiwa waje na glavu zao. Nchi ikishafika hapo inarudi kweli? Mimi naona hiyo imekwisha. Rudi nyumbani. Chumba kipo, na miaka arobaini na miwili ya kuwa mgeni wa watu inatosha.

Nimempa Hamidu sanduku lako: sukari kilo kumi, mafuta ya kupikia, sabuni za mche, glavu boksi mbili na dawa za shemeji. Usione haya kupokea.

Ni mimi dada yako,
Gertruda


Nkhata Bay,
20 Februari 2025

Mpendwa dada Gertruda,

Shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yangu, umshike mkono wakati unamwambia ili aisikie. Sisi hatujambo. Augustino anakwenda na presha yake, leo juu, kesho chini.

Sanduku lilifika. Ukipata barua hii utakuwa umelipata na lenyewe, maana nimempa Hamidu alirudishe. Nimetoa dawa na glavu tu. Dawa nimezitoa kwa sababu hasira zangu hazina ruhusa ya kumuua mume wangu. Glavu, kwa sababu asubuhi ile ile binti wa miaka kumi na tisa alikuwa anajifungua na mimi mikononi nina mifuko ya plastiki. Vilivyobaki ni vyako.

Nilimuuliza Hamidu, "Dada alisema nini alipokukabidhi?" Akacheka. Nikambana. Akasema uliwaita majirani kibarazani waone sanduku linavyofungwa, ukawaambia, "Safari hii na yeye ale vya kwangu, aone utamu wake." Ni kweli, dada, au Hamidu ametia chumvi? Kama ametia chumvi nisamehe, litume tena nitalipokea kwa magoti.

Kuhusu swali lako, yote uliyosikia ni kweli, na yapo ambayo hukuyasikia. Juzi tumemtoa mgonjwa kwa baiskeli, watu watatu wakipokezana kusukuma, kwa sababu gari la wagonjwa limepaki halina mafuta. Sijui kama nchi hii itarudi. Lakini kumbuka mwaka nilioolewa nikavuka ziwa. Duka la kijiji pale Mbaha lilikuwa na nini? Lilikuwa na chumvi ya mawe na muuzaji anayesinzia. Tulifulia majani ya mpapai. Kanga ya kanisani ilikuwa moja: wewe misa ya kwanza, ukirudi mbio unaivua nami naivaa nikawahi misa ya pili. Huku ng'ambo walisema nchi yetu imekwisha. Baba mkwe alikuwa akinionea huruma mezani mbele ya watu. Leo wewe unaezeka bati jekundu. Kwa hiyo dada, usituzike bado tunapumua.

Mdogo wako,
Benadetha


Mbinga,
9 Machi 2025

Benadetha,

Salamu. Wote wazima.

Hamidu hakutia chumvi. Nilisema, na kibaraza kilijaa, na niliona raha. Nimekaa na raha hiyo zaidi ya mwezi, mpaka sanduku liliporudi na majirani wale wale wakalishuhudia likishushwa.

Kwa kuwa umeikumbuka kanga, mimi nitakukumbusha gauni. Mwaka 1984 nilipoolewa hapakuwa na kitambaa cha arusi Mbinga wala Songea. Ukatuma gauni kutoka huko, jeupe, lina lesi mikononi. Nikalivaa. Nakwambia hakuna hata mmoja aliyesema Gertruda amependeza. Walisema, "Benadetha amefanya kazi! Benadetha huyo!" Padri mwenyewe alikutaja kwenye mahubiri. Mama alilia, nikadhani analilia mimi ninayeondoka, kumbe anasema, "Laiti Bena angekuwepo." Nilisimama pale kama kijiti cha kuanikia nguo yako.

Nimemlea Mama miaka yote hiyo. Mimi ndiye ninayemwogesha. Na sasa akili inavyomtoka, unajua ananiitaje? Ananiita Benadetha. Kila asubuhi naingia na maji ya moto, ananiangalia uso umemng'aa: "Bena, umekuja!" Nikisema, "Ni mimi Getu," uso unazimika. Siku hizi sisemi. Naitika.

Basi niache nami nionje mara moja kuwa mwenye kutoa. Kumbe hata hilo ulikuwa huwezi kunipa. Kaa na nchi yako.

Gertruda


Nkhata Bay,
28 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Gertruda,

Shikamoo dada. Habari za miezi yote hii? Mama hajambo? Jastini je? Sisi tupo. Augustino amepungua, ila anatembea na fimbo hadi ufukweni kununua usipa, ndio dagaa wetu, anapatana bei mpaka wavuvi wanamkimbia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko Misale yangu ya kanisani. Nilianza kuijibu mwezi wa nne, wa sita, wa nane, nikachana. Sasa nina la kukusimulia, na baada yake nina la kukiri.

Tarehe kumi na sita mwezi huu tumepiga kura. Tulifika shuleni saa kumi na mbili asubuhi, tukakuta foleni imezunguka uwanja. Dada, sisi foleni tumezizoea, ya petroli, ya sukari, ya mbolea. Hii ilikuwa tofauti. Hapakuwa na anayesukumana. Mama mmoja alikuja na karanga za kuchemsha, akawa anagawa kwenye viganja, kwa wa chama hiki na wa chama kile. Augustino alikataa kuletewa kiti. Alisimama kwa saa nne, nikawa naiangalia mishipa ya shingo yake huku nasali. Alipotoka alinionyesha kidole chenye wino kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka.

Halafu tukangoja. Zaidi ya wiki, masikio yote kwenye redio. Mwishowe aliyekuwa madarakani akasema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba ameshindwa. Kesho yake watu wakafungua maduka.

Ndiyo hayo tu. Petroli haijaja. Sukari haijashuka bei hata kidogo. Anayeingia tunamjua, wala si malaika. Utaniambia kura haijazi tangi la gari, na nitakubali. Ila siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nilirudi nyumbani nikaosha vyombo nikiimba.

Sasa ninalokiri. Lile gauni sikulituma kwa upendo peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nalia kila nikiona boti linaelekea kwetu. Wewe ulikuwa na Mama. Ulikuwa unagombana naye kuhusu kuni, na mimi nilitamani hata huko kugombana. Nikalichagua gauni ambalo mtu hawezi kulitazama asiulize limetoka wapi. Nilitaka siku yako mnitaje. Nimefurahi kusikia mlinitaja, na nimeona aibu kwa kufurahi.

Kwa hiyo nisamehe. Nilikurudishia sanduku kwa sababu nilitambua ule mkono. Ulikuwa mkono wangu.

Mdogo wako,
Benadetha


Mbinga,
14 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Benadetha,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwanza ujue tupo hai. Mama yupo. Jastini yupo. Naanza na hayo maana kama mlisikia redio mtakuwa mmepata hofu.

Barua yako ilinifikia katikati ya mwezi wa kumi, nikaisoma nikaiweka. Nikasema, yeye anajisifia foleni, mimi nina bati. Ndivyo nilivyosema, sikufichi.

Sisi tulipiga kura tarehe ishirini na tisa Oktoba. Huku Mbinga kulikuwa kimya. Nilikwenda, nikarudi, nikashika jembe. Mtandao ukazimika. Redio ikataja Dar es Salaam, amri ya watu kutotoka nje. Simu ya Jastini haipatikani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa natembea na simu mkononi shambani kote, natafuta kilima chenye mnara mzuri, kana kwamba ni mnara uliokosekana. Siku ya sita ndipo ikaita: "Mama, nipo." Nikakaa chini palepale kwenye matope.

Amerudi na basi tarehe nane. Amekonda. Anakaa jikoni na Mama, wanamenya maharage, na Mama hamuulizi kitu, nafikiri ndiyo maana anakaa naye.

Bena, alikuwa anaishi chumba kimoja na kijana wa kijiji cha Ukata, Ildefonsi, mtoto wa Lusia. Unamkumbuka Lusia, tulisoma naye kipaimara, aliyekuwa anaimba sauti ya pili. Ildefonsi alitoka tarehe ishirini na tisa mchana. Jastini anasema alikwenda kununua mkate. Siku nyingine anasema alikwenda kutazama tu. Hakurudi. Wamemtafuta hospitali na vituo vyote walivyoweza kufika. Hakuna anayejua.

Lusia anakuja hapa kila siku kwa bodaboda. Anamuuliza Jastini swali moja: "Alivaa shati gani?" Jastini anamjibu, "La bluu, mama, lenye mifuko miwili." Lusia anaitikia kwa kichwa, anakaa, halafu anauliza tena. Jana nilimpakulia Jastini ugali, nikainua macho, nikamkuta Lusia ananitazama mikono. Nilikuwa naondoa mwiba kwenye samaki wa mwanangu. Bena, yale macho nayajua. Nimeyabeba mimi mwenyewe tangu siku ya arusi yangu. Ila sikuwahi kujua yanavyoonekana kwa anayetazamwa. Nilitamani nimpe chochote, na nilichonacho chote hakina maana kwake, na anachokitaka siwezi kumgawia.

Nilikuandikia kwamba nchi yako imekwisha. Niliandika nikiwa chini ya bati jipya. Leo naisoma tena barua yako ya Septemba, pale kwenye karanga, pale mtu aliposema ameshindwa na kesho yake maduka yakafunguliwa. Wivu umenishika, mdogo wangu, na huu si wa gauni. Nawaonea wivu foleni yenu. Nakaa hapa na kahawa yangu na lami yangu, namwonea wivu shemeji mgonjwa aliyesimama kwa saa nne juani.

Zamani tulitoka kwenye majani ya mpapai, ni kweli, na sikumbuki ni lini hasa tulianza kutoka, wala ni nani aliyetutoa. Sasa nakuuliza, na safari hii sikuulizi kwa kejeli: hiki nacho mtu anatokaje? Wewe ni nesi. Umekaa na watu wenye hali mbaya. Niambie.

Dada yako anayekupenda,
Gertruda


Nkhata Bay,
25 Novemba 2025

Dada yangu Gertruda,

Shikamoo. Nimemshukuru Mungu kwa Jastini mpaka Augustino ameamka akidhani kuna msiba.

Dada, sijui jibu. Leo nimesimama foleni kwa saa sita nimepata lita mbili za petroli ya gari la wagonjwa, kwa hiyo sisi nasi hatujapona, na usitufanye tuonekane tumepona. Nilichokiona kazini ni kwamba mgonjwa ambaye watu wake wameacha kuuliza habari zake, huyo anakwenda haraka. Lusia bado anauliza. Usimchoke. Na Jastini asichoke kumjibu, hata kama ni shati lile lile kila siku.

Nakuja. Hamidu ameahidi nafasi kwenye boti Alhamisi ya tarehe kumi na moja Desemba, ziwa likikubali. Augustino atabaki kwa dada yake. Sirudi moja kwa moja, ujue hivyo. Zahanati inaningoja, na nchi hii nimeshaizoea mno kuiacha ikiwa hivi. Nitakaa hadi baada ya Krismasi.

Nikishuka Mbamba Bay usinipokee na watu, wala usinipikie. Njoo peke yako. Tukishafika Mbinga, nikishamshika Mama mkono, sitaki hata kukaa. Tutapanda bodaboda, tutakwenda Ukata, tuketi kwa Lusia. Tutamsikiliza atakavyo. Akitaka kuimba, mimi nitachukua sauti ya kwanza, yeye ya pili, na wewe utaimba ile yako ya kupotea njia.

Mdogo wako,
Benadetha