Kemunto Alisema Shairi Ni Lake

Nyansiongo, Borabu
Novemba 1993

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umetulia na goti lako limepata nafuu. Najua Kaka Athumani ndiye anayekusomea. Mwambie asiruke mstari, hata akifika pale atakaponionea aibu.

Mwili wangu ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea, nalala na mablanketi mawili. Moyo ndio si mzima, na ndiyo sababu miezi mitatu sijakuandikia.

Nilikueleza jinsi watu wa huku walivyopenda ughani wangu. Nyumbani kwao ni Kigusii tupu, Kiswahili ni cha shule na mjini, lakini walikuwa wakiniita arusini na kwenye harambee niwaghanie bila karatasi. Shuleni nikaanzisha chama cha ughani. Humo alikuwemo msichana wa kidato cha tatu, Kemunto. Ngeli zilikuwa zikimpiga chenga, lakini akisimama kughani, hata wapishi walitoka jikoni. Nilimfundisha kama ulivyonifundisha wewe: avute pumzi kwanza, kisha amtazame mtu mmoja machoni.

Nyumba zilipochomwa huku mpakani katika vita vya makabila, baadhi ya wanafunzi wetu walirudi shule na sare walizovaa tu. Nikatunga shairi. Liliuliza ni nani aliyetoa kiberiti, na wakubwa walikuwa wapi siku hiyo. Nikamwambia Kemunto ndiye atakayelighani siku ya wazazi. Aliniuliza kama halitatuletea matata. Nikamjibu kwamba shairi likighaniwa vizuri hakuna wa kulikasirikia. Ndivyo nilivyomwambia, Mama.

Alilighani hadi akina mama wakajifuta machozi kwa leso. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa serikali, hakupiga makofi. Wageni walipokuwa wakila, mimi na Kemunto tukaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Yule mgeni akauliza shairi ni la nani.

Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria pingu. Kemunto alinitazama, nami nikatazama sakafu. Ndipo akasema, "Ni langu. Nilitunga mwenyewe."

Mgeni akaniuliza kama nililijua kabla. Nikasema sikulijua.

Kesho yake Kemunto alifukuzwa. Mwalimu mkuu alinipa pole kwa kuaibishwa na mwanafunzi, nami nikaipokea pole hiyo.

Wiki ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nikaandika ukweli wote, nikatia sahihi, nikampelekea mwalimu mkuu. Aliusoma akiwa amesimama, akairarua ile karatasi. Akaniambia msichana hatarudi hata nikiri mara mia, kwa hiyo nisiongeze msiba wa pili.

Jumamosi nikaenda Nyakoe, ambako mama yake Kemunto anauza ndizi sokoni. Walikuwepo wote wawili. Yule mama alinipa kigoda, akanishukuru kwa kuja kuwaona. Akasema, "Mwalimu, huyu mtoto yangu hasemi shairi tena. Hata kanisa anakataa."

Hapo nikajua Kemunto hakuwa amemwambia. Nikamweleza mwenyewe, palepale, mbele ya wateja. Hakunitukana. Alinigeuzia mgongo, akaendelea kupanga ndizi zake, na hakunitazama tena.

Nikamwomba Kemunto msamaha. Alinijibu taratibu, kwa Kiswahili kile nilichomfundisha:

"Mwalimu, nilisema ni langu ili upate nafasi ya kukataa. Nilikuwa nangoja useme ni lako."

Nilipanda kilima kurudi barabarani nikilia kama mtoto, na watu wa soko wakiniangalia.

Tangu hapo nimezunguka shule nyingi nikimtafutia nafasi, na kila mahali nimesema kosa ni langu. Shule moja ya mjini Kisii imekubali kumpokea Januari. Yeye naye amekubali kwenda, ila ametuma neno kwamba nisiwe mimi wa kumpeleka.

Chama cha ughani nimekiacha, na mialiko ya arusi naikataa. Kila nikivuta pumzi nianze, naiona ile ofisi.

Nisalimie Shangazi Mwanaisha aliyenilea ulipokuwa mgonjwa, mke wa kaka na watoto wake, na maalim wangu wa chuoni. Wakiuliza kama bado naghani, waambie nimenyamaza. Na unapoomba dua, Mama, mtangulize Kemunto. Mimi niombee mwisho.

Mwanao anayekukumbuka,
Salimu